Sikio Lililoraruka si Alama

Nordhaug, Jumapili, 3 Oktoba 1999

Mdogo wangu Gudrun, profesa wa panya,

Pokea salamu zetu wote wa huku juu. Theluji imeshakaa mlimani ila uwanjani bado. Nyonga ya Mama inamsumbua akipanda ngazi, akishuka haimsumbui, kwa hiyo anasema mgonjwa si yeye, ni ngazi. Viazi tumeshachimba vyote. Kondoo wameshuka salama, ila wanne hawakuonekana, nadhani dubu ameshiba. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua simu iko jikoni na Mama anasikia hata anayenong'ona wilaya ya pili.

Kuna jambo lilitokea zizini siku ya kugawana kondoo, kila mtu akitoa wake kwa alama ya sikio, nikuambie mimi kabla hujaambiwa na wengine. Alama yetu unaikumbuka, tundu moja katikati ya sikio la kushoto. Ya jirani yetu Leif ni ncha ya sikio iliyopasuliwa. Sasa kuna jike wetu mmoja, waya wa uzio ulimkamata tunduni ukararua sikio mpaka nchani. Tundu likawa mpasuko. Leif akamshika pembe akasema ni wake. Nikamwambia, "Leif, sikio lililoraruka si alama. Tazama kovu lilivyopinda, kisu hakikati hivi." Akacheka mbele ya watu wote, akasema, "Nyie ukoo wenu mnajua kuhesabu kondoo tangu lini? Baba yako alihesabu chupa tu."

Watu wakaingia kunywa kahawa. Leif akaenda nyuma ya banda kukojoa, nikamfuata.

Sijui nilimpiga mara ngapi. Najua nilikigonga kichwa chake kwenye nguzo ya lango mpaka nguzo ikalegea, na najua jino lake moja lilibaki mkononi mwangu, hapa kati ya vidole, nikalitoa mwenyewe kwa koleo la kutobolea masikio. Alipoteza matatu. Watu amewaambia amekanyagwa na kondoo dume, na mimi sikumkatalia. Jike tumerudi naye nyumbani.

Mke wangu Åslaug amekwenda Steinkjer kwa dada yake, na binti yetu Ingunn, kupumzika kidogo. Si kitu.

Mama anasema huko Oslo unasomea breki za kichwani. Je, mtu anaweza kuzaliwa hana? Nauliza tu.

Kakako,
Torgeir


Oslo, Jumapili, 17 Oktoba 1999

Kaka yangu Torgeir,

Mimi mzima, ila mikono inanuka vizimba hata nikiosha kwa sabuni ya aina yoyote. Mwambie Mama nitamletea dawa ya kuchua nyonga, na ngazi asiitukane, ameijenga mumewe. Jibini yenu nimeipata, nimeificha nyuma ya chupa za kemikali maana wenzangu hapa ni wezi wasomi.

Umeniuliza nami nitakujibu, maana hakuna aliyewahi kuniuliza kazi yangu nyumbani kwetu tangu niondoke. Mtoto akiwa bado tumboni, ubongo wake unazaa seli za namna mbili. Moja kazi yake ni kupiga kelele: fanya, kimbia, piga. Nyingine kazi yake ni kunyamazisha: tulia, ngoja, acha. Hizi za kunyamazisha zinazaliwa mbali, chini kabisa, kisha zinatembea safari ndefu kupanda juu ya ubongo mpaka zipate mahali pa kukaa. Jeni ndizo zinazoziamuru zizaliwe, ziondoke na zisimame wapi. Sisi tuna panya tuliowatoa nakala moja ya jeni ya namna hiyo. Kila mtu anarithi nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Panya mwenye nakala moja tu, breki zake zinafika juu chache. Anaanguka kifafa. Anatetemeka, anajikunja, anatoa povu, halafu anaamka na kula kama si yeye.

Sasa nikuambie la juzi, ambalo hata bosi wangu sijamwandikia vizuri. Nilifungua kizimba asubuhi nikakuta damu imeruka mpaka kwenye kioo cha juu. Madume saba walikuwa humo, watatu wamekufa. Mmoja ametafunwa mgongo mpaka uti unaonekana. Mmoja hana sehemu zake za kiume. Wa tatu alikuwa bado anapumua, na wale wanne walikuwa wanaendelea naye, bila haraka. Nilimmaliza mimi, nikamvunja shingo kwa kidole na kalamu, kama tulivyofundishwa.

Nilisoma masikio yao. Na sisi tunatoboa masikio kama nyie, kila namba ina mahali pake. Wale wanne wauaji, masikio yanasema ndio wenye nakala moja. Waliokufa ndio wazima. Torgeir, nilikaa chini sakafuni kwenye maranda na vinyesi, nikamfikiria Baba. Nikakufikiria na wewe. Nikasema, kumbe. Kumbe huenda siku zote hazikuwa roho mbaya. Kumbe huenda mtu anazaliwa na breki chache kama mwingine anavyozaliwa na nywele nyekundu, na hana kosa.

Usiyatangaze, bado ni mapema. Lakini wewe ni kaka yangu.

Wifi yangu anapumzika nini? Shule zimefunguliwa tangu Agosti. Ingunn anasomea wapi?

Mdogo wako,
Gudrun


Nordhaug, Jumapili, 7 Novemba 1999

Gudrun mdogo wangu,

Mungu akupe maisha marefu na panya wako wote wakali. Huku wazima. Mama amekubali kutumia fimbo, ila anaitumia zaidi kunyooshea watu. Tumechinja, stoo imejaa, nyumba nzima inanuka kondoo na kabichi mpaka kwenye mito ya kulalia. Nimekula peke yangu na Mama sufuria ya watu wanane.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sikulia Baba alipokufa, unajua, ulinitazama pale kaburini ukaona. Juzi nililia zizini, nimemshikilia yule jike wa sikio baya. Miaka thelathini na nane najiona shetani, kumbe ni seli. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema, sasa nani anamlaumu nyoka?

Umeuliza habari ya Åslaug. Alianguka jikoni.

Nimeandika hivyo nimekaa hapa nusu saa natazama hayo maneno. Wewe sikuwahi kukudanganya. Hakuanguka. Alisema ile nyumba ya Leif wamepaka rangi nzuri, kwa nini yetu isipakwe. Basi. Neno lenyewe lilikuwa hilo. Niliweka kikombe mezani, nakumbuka nilikiweka polepole kisimwagike, nikafunga mlango wa uani. Halafu nilimpiga ngumi ya taya nikausikia mfupa. Alipokuwa chini nilimpiga teke, na viatu vya zizini. Ingunn alikuwa juu. Taya lake lilifungwa kwa waya wiki sita, alikuwa akinywa supu kwa mrija. Hospitalini alisema ni barafu ya ngazi, tena ilikuwa Agosti, na daktari akaandika.

Haikuwa mara ya kwanza. Hilo nadhani unalijua.

Lakini sasa kuna heri. Nilichukua barua yako yenyewe nikaitia kwenye bahasha nikampelekea Steinkjer, asome mwandiko wako, si wangu. Åslaug anakuheshimu kuliko padri. Amejibu. Amesema amesoma mara nyingi, amesema kama ni maradhi basi mtu hamkimbii mgonjwa, na Ingunn anamlilia mbwa. Wanarudi kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mama ameshaanza kuoka biskuti za Krismasi.

Ninachokuomba ni kimoja. Niambie nije wapi nitoe damu, nipate karatasi yenye muhuri. Nitaitia kwenye fremu.

Kakako anayekupenda,
Torgeir


Oslo, Jumatatu, 29 Novemba 1999

Torgeir,

Salamu. Mama apate nafuu. Leo sina habari nyingine za nyumbani, nisamehe.

Barua hii nimeituma kwa rejista ili tarishi akupe wewe mkononi na utie sahihi. Barua yako ya tarehe saba ilinikosa, nilikuwa Copenhagen kwenye mkutano wiki mbili, nikiwasimulia watu panya wale wanne. Walinipigia makofi. Nimeikuta Ijumaa. Niliisoma nimesimama mlangoni na begi begani, kisha nikaitoa na ile ya Oktoba nikaziweka pamoja. Na ile ya Oktoba ndiyo iliyonitoa jasho.

Umeandika: sikio lililoraruka si alama.

Kaka, mimi nilisoma masikio ya panya waliokwisha kupigana. Masikio yalikuwa yametafunwa! Tundu la pembeni likiraruka linakuwa namba nyingine. Mtoto wa mfuga kondoo, nimekua na koleo lile mfukoni, nikasoma sikio bovu kama msichana wa mjini. Jumamosi niliingia maabara, nikatoa ncha za mikia ya wote saba kwenye friji, nikazipima jeni yenyewe. Nimerudia jana. Nimerudia leo asubuhi.

Wale wanne waliosalia ni wazima. Nakala mbili, breki zote. Waliokufa watatu ndio wagonjwa. Nadhani walianguka kifafa, wakawa wanatetemeka chini, hawawezi kukimbia wala kuuma, na wale wazima wakawala taratibu. Mgonjwa hakumuua mtu, Torgeir. Mgonjwa ndiye aliyeuawa.

Na kuna la pili ambalo sikukuandikia, kwa sababu ni aibu yangu. Mfanyakazi wa siku ya kwanza hapa anafundishwa: madume ukishawatenganisha, usiwarudishe kizimba kimoja. Mimi niliwatenganisha wiki moja ili niwapime, kisha nikawarudisha pamoja kwa sababu vizimba vilikuwa vimepungua na nilitaka kwenda nyumbani. Niliwaua mimi. Ilikuwa rahisi kuisingizia jeni. Na wewe ukaona rahisi vilevile, na nani alikuonyesha njia kama si mimi?

Hakuna damu ya kutoa. Hakuna karatasi. Wewe hujaanguka kifafa hata siku moja. Wewe uliweka kikombe polepole kisimwagike. Ulifunga mlango. Kwa Leif ulingoja watu waingie kunywa kahawa. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, na mimi msomi nikapita juu yake.

Na sasa nitasema lile ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisema. Baba akikupiga kwa mkanda wa farasi, mimi nilikuwa ngazini, uso umegusa kioo cha dirisha, natazama barabara. Nilikuwa naliombea lori la maziwa. Nililiomba kuliko nilivyomwomba Mungu, kwa sababu lori lilikuwa linakuja. Likitokea pale kwenye kona, Baba alishusha mkanda. Alichana nywele kwa vidole, akatoka nje, akamuuliza dereva hali ya watoto wake. Kila mara. Hata siku uliyokuwa unatema damu kwenye sinki. Sijawahi kukuomba radhi kwamba nilikuwa naangalia barabara badala ya kukuangalia wewe. Nakuomba leo.

Nimepiga simu Steinkjer. Dada yake Åslaug ameniambia wameondoka juzi Jumamosi na basi la asubuhi. Nimepiga nyumbani mara nne. Mama anapokea, anasema wote wazima, wanaoka, niache kuchokonoa, anakata. Nimepiga simu polisi, wakaniuliza nani amepigwa leo, nikasema sijui. Nimepata treni ya Ijumaa.

Mpe Åslaug barua hii aisome yote. Ile ya kwanza alisoma mwandiko wangu, na hii asome. Halafu umpe ufunguo wa gari, na wewe ukae zizini mpaka nifike. Nakusihi kama mtoto. Yule mwanamke amerudi humo kwa neno langu.

Gudrun


Kituo cha polisi, Namsos, Jumatano, 8 Desemba 1999

Mdogo wangu Gudrun,

Wananipa karatasi mbili na kalamu isiyo na kofia. Chakula si kibaya, samaki na viazi. Natumai Mama uko naye na hajakutupia fimbo. Ulipokuja hapa Jumamosi nilikataa kukuona. Nilijua ukikaa mbele yangu nitalia, na wewe utanionea huruma, na huruma yako ina hatari kuliko ya mtu mwingine.

Åslaug najua anaendelea vizuri kwa sababu mlinzi ameniambia. Jicho watajua baada ya mwezi. Nataka nikuambie mimi jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wakili niliyepewa ni kijana mwenye miwani, ameikuta barua yako ya Oktoba, aliyorudi nayo Åslaug, kwenye vitu vyangu na amefurahi sana nayo. Anataka kuisoma mahakamani. Anasema, "Hii ni dhahabu, bwana."

Walirudi Jumamosi. Siku nne tulikaa kama watu wa kwenye picha ya kalenda. Tuliwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio. Alhamisi saa nne asubuhi Åslaug aliniuliza kama nimeshapata siku ya kupimwa damu. Aliuliza vizuri tu, anamenya karoti. Nikasema bado. Akasema, "Lakini utakwenda, Torgeir? Maana nimerudi kwa ajili ya hilo." Hilo tu. Nikaona ananiwekea sharti nyumbani kwangu.

Nilimpiga na ubao wa kukatia. Wa kwanza ulimpata hapa juu ya jicho, ukampasua. Alianguka kati ya meza na jiko. Mama alikuwa pale pale, alitoa trei ya biskuti mezani ili isianguke, akaenda chumbani kwake akafunga. Nilimshika Åslaug nywele, nikamwinua, nikanyanyua ubao mara ya pili. Gudrun, nilikuwa nimekusudia. Kichwani mwangu hapakuwa na giza lile wanalolisema. Palikuwa peupe, naona kila kitu, naona maganda ya karoti yamenasa kwenye sweta yake.

Ndipo nikasikia gari la posta linapanda.

Nilishusha ubao. Nikauweka juu ya meza, tena upande wa damu chini. Nikachana nywele. Nikatoka mpaka ngazi za nje, mlango nikaurudisha nyuma yangu, na tarishi, yule Odd mwenye mguu mfupi, akasema, "Rejista, Torgeir! Umekuwa mtu mkubwa siku hizi, au umerithi?" Nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa. Nikatia sahihi, na mkono haukutetemeka, nenda posta ukaangalie. Nikamuuliza hali ya mguu wake, akaniambia hali ya mguu, nikamwambia barabara ya chini ina utelezi awe mwangalifu. Mke wangu alikuwa nyuma ya ule mlango, sakafuni, hata hatua kumi hazifiki.

Breki zilishika, Gudrun. Zilishika papo hapo. Haikukosekana hata moja.

Odd akaondoka. Nikafungua barua yako nimesimama pale kwenye baridi, nikasoma yote mpaka pale palipo na lori. Kisha nikaingia. Nilikuwa nimeshika barua, ubao uko mezani, na sikujua nitashika kipi, naapa sikujua. Nikainua macho kwenye ngazi za ndani ili nisiitazame meza.

Ingunn alikuwa amekaa pale. Amekaa pale pale ulipokuwa unakaa wewe, kwenye kipandio cha nne, uso umegusa kioo. Hakunigeukia. Gari la posta lilikuwa linaingia kwenye kona na yeye alikuwa analitazama linavyoondoka.

Niliuchukua ubao nikautupa uani kwenye theluji. Nikampigia simu Leif, kwa sababu ndiye aliye karibu, nikamwambia alete gari, mke wangu nimempasua kichwa, na apige simu polisi kabla ya kuondoka kwake. Nilitaka mtu mwingine asikie kwa mdomo wangu. Alikuja. Aliponiona alisimama mbali, mkono umeziba mdomo, kisha akampakia Åslaug kumpeleka hospitalini. Nikakaa chini penye nguzo ya lango mpaka polisi wakaja.

Ile barua ya Oktoba nimemwambia wakili aichane, amekataa, anasema ni haki yangu. Basi ipeleke wewe hii barua yako ya pili, ya Novemba, nimeitia humu ndani. Mpe hakimu, yeye mwenyewe, mkononi, kwa rejista kama ulivyonipa mimi. Uje usimame pale mahakamani useme ulisoma sikio bovu. Najua litakuaibisha mbele ya wakubwa wako wa Copenhagen. Nakuomba hivyo hivyo.

Kondoo wauze, Leif achague kwanza, na yule jike wa sikio achukue bure. Ingunn usimwambie kwamba namsalimu. Muondoe tu kwenye ile ngazi.

Torgeir